Makro Yangu Haijui Kutunza Siri

Jamani, leo nimevuliwa nguo mchana kweupe mbele ya wakulima wa chai, projekta ikiwa imewaka. (Nguo za heshima, si hizi zingine. Tulieni.)

Mnajua kazi yangu hapa Sotik: nachora ramani kwa kompyuta katika ofisi ya Injinia Omondi. Sasa hivi tuna ramani ya barabara zitakazomwagwa murram, ule udongo wa changarawe, ili lori lifike kwenye vituo vya kuuzia majani chai hata mvua ikinyesha. Kila kituo ni mraba mdogo wenye alama ya X. Kituo kikionekana kwenye ramani, barabara inakuja. Kisipoonekana, mtabeba majani mgongoni hadi mzeeke.

Wiki jana ramani ilibandikwa ukutani na kituo cha Kapsinendet hakikuonekana. Watu wa Kapsinendet wakawaka!

Na mwenyekiti wa Kapsinendet ni nani? Mama Kiprono. Na Kiprono ni nani? Ni Kiprono wangu. (Mama hakuwa anajua hilo. Kiprono aliapa angemwambia Jumapili baada ya kanisa. Jumapili gani, hakusema.)

Mimi nilijua kituo kimo humo ndani mahali, maana ramani ile iliunganishwa kutoka kwa wapimaji tofauti na vitu vingi vimefukiwa. Nikaandika makro, yaani maagizo ya kuiambia programu ikutafutie vitu yenyewe badala ya wewe kutoboka macho. Ya kwanza ilikuwa mvivu. Ilitafuta juu juu tu, ikaniletea vituo vilevile. Nikaifuta, nikaandika nyingine kwa hasira. Hii itafute kila ukurasa, kila kona, hata kwenye leya, yaani matabaka ya ramani, zilizozimwa, hata ndani ya michoro iliyopachikwa ndani ya michoro mingine. Ikipata kituo, iwashe leya yake, ikivute kijae ukutani, ingoje kidogo, iende kingine.

"Boss," nikamwambia Injinia kifua mbele, "hii kitu haiwezi fichwa chochote."

"Umeijaribu, Chebet?"

"Nimeijaribu."

(Kwenye ramani nyingine. Ndogo.)

Mkutano na wakulima ulikuwa leo kwenye ukumbi wa kanisa. Mama Kiprono alipewa maiki asalimie watu na hakuirudisha. Akaongea kuhusu mvua. Akaongea kuhusu lori kukwama na majani kugeuka rangi ndani ya magunia. Akaingilia habari za goti lake. Akarudi kwa lori. Mzee aliyeketi karibu nami akalala usingizi wa haki. Hatimaye Mama akanigeukia.

"Wewe msichana wa kompyuta. Kapsinendet iko Kenya ama haiko?"

"Iko, Mama."

"Basi tuonyeshe."

Nikabonyeza. Makro ikaanza kazi. Kituo cha kwanza kikajaa ukutani, watu wakapiga kelele, "Hio ni yetu!" Ikaenda cha pili, cha tatu, kila kijiji kikijishangilia kama timu ya mpira. Halafu ikazama ndani ya kipande kilicholetwa na mpimaji wa ng'ambo ya mto, ikawasha leya iliyokuwa imezimwa, na hapo, kikubwa kama mlango wa kanisa: KAPSINENDET.

Vigelegele! Injinia alinishika mkono akasahau kuuachilia. Mama Kiprono alisema "Kongoi! Kongoi mising!", yaani asante sana, kwa maiki hadi spika ikalia. Mimi nilisimama pale nikitabasamu kama bibi harusi. Ningekufa dakika ile, ningekufa shujaa.

Lakini makro haikuwa imemaliza.

Ikaondoka Kapsinendet. Ikavuka mto, ikapita barabara zote, ikaelekea kona tupu ya ramani ambako hakuna barabara wala kijiji. Mimi nilijua inaenda wapi.

Kwa sababu siku moja, wakati wa chakula cha mchana, nilikuwa nimechora pale boma letu. Na ndani ya boma nikachora koito yangu, ile siku familia mbili huketi kukubaliana mambo ya ng'ombe za mahari. Nilihitaji hema. Hema ukilitazama kutoka juu ni mraba wenye X. Mraba wenye X nilikuwa nao tayari. Nikanakili kituo, nikaandika maneno yangu, nikazima leya, nikasahau.

Na kwa wasiojua desturi yetu: msichana hapangi koito! Anangoja. Watu wa kijana ndio hubisha hodi kwanza. Mimi hakuna aliyebisha, na nilikuwa nimeshachora hata ng'ombe na pa kuzifunga.

Ukutani pakaandikwa: KOITO YA CHEBET NA KIPRONO. Chini yake: HEMA LA WAGENI. Na kando ya kiti kimoja, na mshale kabisa: MAMA KIPRONO – MBALI NA MAIKI.

Yule mzee akaamka, akavaa miwani, akasoma yote kwa sauti, polepole, kwa faida ya waliosahau miwani yao nyumbani.

"Zima! Zima!" Injinia akanong'ona.

Nizime wapi? Sikuwa nimeiwekea njia ya kuisimamisha. (Mtaalamu.) Nikakimbia nikasimama mbele ya projekta kuziba. Maneno yakahama kutoka ukutani yakaja kifuani kwangu. Sasa nilikuwa mimi ndiye nimeandikwa MBALI NA MAIKI.

"Lakini hizi ng'ombe mbona kidogo hivi?" mzee akauliza.

Mama Kiprono hakucheka. Alitoa simu, akapiga, akaiweka kwenye maiki ili tusikie sote.

"Kiprono. Kuna msichana hapa anaitwa Chebet. Unamjua?"

Na Kiprono wangu, simba wangu, akajibu: "Chebet gani?"

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Injinia alitoka nje.

"Huyu ameandikwa pamoja na wewe hapa kwa ukuta," Mama akasema.

"Nilikuwa nikuambie Jumapili, Mama."

Akakata simu. Akanitazama juu hadi chini, na mimi nimewaka maandishi yangu. Moyoni nilikuwa nimeshahamia Fort Ternan, kuanza maisha mapya mahali wasiponijua. Kisha akainua maiki.

"Watu wa Kapsinendet. Kituo yetu ilipotea, wasomi wakashindwa kuiona. Huyu mtoto ameitoa ndani ya shimo. Nyumba yenye huyu, hakuna kitu itapotea. Mimi nilikuja kutafuta barabara. Narudi na barabara, na bibi ya Kiprono. Kuna mwenye anapinga?"

Nani apinge? Hajarudisha maiki! Vigelegele vikapasuka tena, vikubwa kuliko vya kwanza, na nimelia machozi mbele ya watu, sitaficha, nilikuwa na furaha. Injinia akarudi ndani, akaitia ramani sahihi papo hapo. Murram inaenda Kapsinendet.

Walipokuwa wakitoka, Mama alinisogelea bila maiki, kwa sauti ya chini ambayo sikujua anayo. "Hio kiti yangu," akasema. "Isongeshe."

Mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo, na huu niliutega mwenyewe, kwa hiyo mkicheka chekeni mkiwa mmeketi. Kiti nimekisongesha. Mama yuko meza kuu, na maiki yake binafsi. Kiprono ndiye nimemhamishia nyuma kabisa, pale penye ng'ombe, akae nazo mpaka akumbuke ni Chebet gani.