Kisiwa Changu Kina Ng'ombe

Jumatatu, 23 Juni

Huna haya, Hajra! Mtu mzima, meno yamebaki ya kutafunia uji, unapanda boti kwenda Unguja kutalii kama bi harusi! Na unamchukua mjukuu wangu Yasmin bila kunipa hata habari. Kisha unanirushia picha. Picha tele, mpaka simu ya jirani yangu Kidawa imeganda. Yangu ya kubonyeza haipokei mambo hayo, na wewe unajua.

Kidawa kanionyesha zote. Yasmin mbele ya hekalu la Wahindi, uchochoroni. Yasmin kwenye kimsikiti cha kale. Yasmin anakula kitu kwenye jani. Na sauti ya Hajra juu yake, anajisifu kwamba wageni wengine hawavijui vituo hivyo, yeye kavigundua. Kavigundua! Kama vilikuwa vimepotea.

Hajra ni mama yake Abdulwahab, aliyemuoa Fadhila wangu. Anakaa Kisarawe. Tangu Fadhila afariki, mtoto yuko kwake. Miaka minne. Kwa asili yetu mtoto ni wa upande wa mama. Hajra analijua hilo vizuri, ila akitajiwa anajitia kuwa na maji masikioni.

Basi na mimi nina kisiwa. Namtaka mjukuu wangu hapa Gwata, na kisiwa ndicho kitakachomleta.

Jumanne, 24 Juni

Nimempigia. Nikaanza na salamu ndefu, nikaulizia mpaka kuku wake. Kisha nikasema Yasmin lazima aje aone kisiwa cha ukoo wa mama yake. Hajra akauliza Gwata na kisiwa wapi na wapi, bahari imehamia lini. Nikamwambia mto Ruvu ukijaa hujigawa mikono miwili, na katikati kinabaki kisiwa kamili, kina msikiti wa babu yangu na mzimu wetu. Asiyejua vya kwao ndiye anayevuka maji kutafuta vya watu.

Akacheka. Halafu akasema vizuri, mtoto aje, na yeye alikuwa anataka aje siku nyingi. Upole huo! Upole wa Hajra ni kama pilipili ndani ya kachori. Unaikuta ushameza.

Jioni nikaenda kwa Bernard, mwenye mtumbwi. Bernard ni Mnyamwezi, mtani wangu, kaja huku kulima akazeekea huku. Nikamwagiza mtumbwi Jumamosi. Akaniambia Bi Sikudhani, masika ya mwaka huu yalikuwa ya kinyonge, mkono mmoja wa mto unakauka. Nikamwambia Mnyamwezi anajua nini kuhusu maji, kwao wanaoga kwa vumbi. Akasema sawa, yeye atapiga kasia, mimi nitaleta bahari.

Alhamisi, 26 Juni

Kafika. Baba yake kamleta kwa pikipiki kutoka Tangini, waliposhukia basi, akanywa maji kombe moja, akarudi mbio. Ofisi ya Dar haimsubiri mtu.

Yasmin akanipa shikamoo kwa sauti ndogo. Nikaitikia marahaba. Nilipanga kumuuliza mambo mengi. Lakini aligeuka kuweka begi lake, na shingo ile! Na ule mwendo wa kuburuta mguu mmoja kidogo kama kandambili imelegea. Fadhila mtupu. Nikaingia jikoni kupuliza moto. Moto ulikuwa unawaka. Niliupuliza hivyo hivyo.

Nikampikia bada, ugali wa muhogo, na kambale wa moshi. Nikamwambia hiki ndicho chakula cha kisiwani, Unguja hawakipati. Akatazama. Akauliza kama kuna chipsi. Nikasema kisiwani hakuna chipsi. Akasema Unguja zipo. Nikasema Unguja si kisiwa, ni soko lililozungukwa na maji.

Akala tonge mbili. Nyingine ninakula mimi sasa hivi, baridi.

Ijumaa, 27 Juni

Leo nimemfundisha maneno.

Maana mpango wenyewe ndio huu. Mzimuni kwetu mtoto akipelekwa mara ya kwanza anadondosha unga, anataja jina lake, la mama yake, la bibi yake, kisha anaomba kitu kimoja kwa sauti. Ombi hilo halirudishwi. Yeyote aliyelisikia na ana uwezo nalo, analitimiza. Asipolitimiza, asilaumu mtu kwa yatakayompata. Mimi niliomba mbuzi. Mjomba wangu alinuna mwezi mzima, lakini mbuzi alikuja.

Basi Yasmin aombe: "Naomba kuhamia kwa bibi yangu Gwata." Mimi nitakuwa nimesikia, Bernard shahidi. Abdulwahab ni mtoto wa watu, mila hawezi kuivunja. Hajra atapasuka.

Mtoto amerudia maneno yote bila kukosea. Mwepesi wa kushika, kama mama yake. Kisha akaniuliza, kwani mzimuni ni lazima uombe ulichofundishwa? Nikamwambia aache maswali, akaoshe vyombo.

Bernard akapita kusema mto umezidi kushuka. Nikamfukuza.

Jumamosi, 28 Juni

Siku mbaya. Nitaandika yote, hata yanayoniuma.

Asubuhi tukafika mtoni. Upande wa huku maji yapo, sifa kwa Mungu. Tukapanda. Nilikuwa nimemwambia Bernard asivuke moja kwa moja, azunguke zunguke, mtoto aone ni safari. Akazunguka. Akazidisha, mpaka Yasmin akauliza kwa nini tumeupita mti ule ule tena. Bernard akamjibu kwamba visiwani miti inafanana.

Kisha mtumbwi ukakaa. Umekwama mchangani, kama kuku anayeatamia. Bernard akashuka, maji yakamfika kwenye kifundo cha mguu. Akasukuma huku anaimba nyimbo za kwao. Nikamkaripia. Akasema nahodha ana haki ya kuimba meli inapozama.

Hapo ndipo ng'ombe wakaja. Ng'ombe wa wafugaji wa Magindu, kundi zima, wanatoka ng'ambo wanakwenda kisiwani kwangu. Kwa miguu! Hata kwato hazikulowa vizuri. Yasmin akauliza, "Bibi, wale ng'ombe wanaogelea?" Nikasema ndiyo. Akatazama tena. Akasema, kwa adabu, kwamba wanatembea. Nikamwambia ng'ombe wa kisiwani wana miguu mirefu. Bernard ikabidi ajishike kwenye mtumbwi asianguke kwa kicheko.

Tukaenda msikitini. Babu yangu aliujenga kwa udongo na fito. Nilisoma juzuu yangu ya kwanza pale. Makuti hayapo. Kuta mbili zimelala. Kwenye kibla mtu kaweka magunia ya mkaa, kayafunika na turubai kama maiti. Nilisimama. Nilikuwa nimemwambia mtoto kuna msikiti. Yasmin akavua kandambili zake, akaingia katikati ya mkaa, akasoma Fatiha. Kwa makhraja safi, kila herufi mahali pake. Nikamuuliza nani kamfundisha. Akasema bibi Hajra, kila alfajiri.

Nikamwokotea kandambili zake, tukatoka.

Kisha mzimuni, chini ya mkuyu. Chungu kipo, kitambaa cheupe kimebaki utepe. Nikampa unga. Akadondosha vizuri. Akasema, "Mimi Yasmin, binti Fadhila, mjukuu wa Sikudhani." Moyo wangu ukapiga. Nikamkonyeza Bernard asikie vizuri.

Mtoto akasema: "Naomba bibi aje Kisarawe amwone mama. Majani yameota sana upande wa kichwani. Bibi Hajra mgongo unamuuma, hawezi kuinama, na mimi panga sijaruhusiwa."

Basi. Akapangusa unga mikononi.

Bernard akavua kofia. Ng'ombe wanatafuna nyasi za kisiwa changu, mimi nimesimama kama mti.

Jumapili, 29 Juni

Sijala. Yasmin kaniletea uji, nimemwambia nimefunga. Kasema leo si siku ya kufunga. Mjuzi!

Wanaosema Sikudhani ana moyo wa jiwe waje wanisikilize. Mwanangu alipofariki nilitaka azikwe hapa Gwata, kwa wazee wake. Wakasema mume yuko Kisarawe, azikwe Kisarawe. Nikasema mkimzika huko mmenizika na mimi, mguu wangu hamtauona. Wakamzika. Basi nilishike neno langu au nilitupe? Mimi nililelewa kulishika. Sikwenda maziko, sikwenda matanga, sikwenda arobaini. Nilikaa hapa barazani, kanga nimeikaza, nimeelekea ukuta.

Mchana Bernard akaja. Nilidhani kaja kunitania. Akakaa kwenye kinu, akanieleza jambo alilonificha miaka yote hiyo. Siku ya maziko yeye alikwenda, kama mtani. Jeneza lilipotoka akalala njiani, akakataa lisipite. Watu wakajua ni utani wa msiba, wakamuuliza anataka nini ainuke. Akasema anataka mama wa marehemu. Watu wakacheka. Akabaki amelala. Akasema tena, nataka mama yake. Kicheko kikaisha. Wanawake ndani wakasikia, wakaanza kulia upya. Abdulwahab mwenyewe ndiye aliyekuja kumwinua.

Nikamuuliza kwa nini hakunieleza. Akasema alipita hapa jioni ile, akanikuta nimeelekea ukuta.

Nikamwambia aondoke, anakalia kinu changu.

Jumanne, 1 Julai

Nimekwenda. Ombi la mzimuni halirudishwi. Ningekuwa mimi nimelitunga lingekuwa jingine, lakini limeshasemwa.

Tumepita Mlandizi, Kibaha, mpaka Kisarawe. Yasmin kanishika mkono njia nzima, kama mimi ndiye mtoto. Nilibeba panga langu mwenyewe. La Hajra silijui makali yake.

Kaburi liko nyuma ya minazi, mahali pazuri, nasema kweli ingawa sipendi. Dogo. Mimi kichwani mwangu lilikuwa kubwa. Mrihani umepandwa miguuni, umefika magotini. Upande wa kichwani majani kweli yameota.

Nikainama nikafyeka. Sikuacha hata ukoka mmoja. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Mlandizi. Nilimaliza kufyeka, nikasema, "Fadhila, nimekuja." Mengine yakakataa kutoka. Nikafyeka tena palepale palipokuwa pameshafyekwa.

Hajra alisimama kando na ndoo ya maji. Kazeeka. Kwenye picha hakuonekana amezeeka. Hakunisema kwa neno lolote. Laiti angenisema! Ningekuwa na la kumjibu. Alinimiminia maji ninawe, kisha akashika ukingo wa kanga yangu akalia, na mimi nikamwacha ashike.

Tukala. Kapika nini? Bada la muhogo na kambale wa moshi. Yasmin akala mpaka akalamba vidole! Nikamtazama. Hajra akasema kwao hawakuwa wanajua kulisonga bada, kafundishwa na Fadhila, na mtoto husema hicho ni chakula cha mama. Na nani alimfundisha Fadhila? Sikuuliza. Nilitafuna polepole. Lilikuwa sawasawa na langu, ila chumvi kidogo imezidi. Si chumvi yake. Ni mimi nilikuwa nalia.

Jumatano, 2 Julai

Nimerudi peke yangu. Nyumba ina sauti ya kuku tu. Begi la mtoto liliacha alama kwenye vumbi la chumbani, sijapafagia.

Wakati wa kuagana Hajra alisema likizo ya Desemba atampeleka Yasmin kisiwa cha Mafia, wakaone magofu na popo wakubwa. Akasema twende wote, watatu. Mtoto akaruka kwa furaha. Akaniambia, bibi, huko ng'ombe hawawezi kutembea mpaka ng'ambo. Nikasema nitaangalia.

Njia nzima nililifikiria hilo. Hajra kaonyesha wema. Mpaka Mlandizi nilikuwa nakubali kwamba ni wema.

Lakini ngoja. Twende wote! Kwa nini? Nikae nyuma yake nimbebee kikapu, yeye anagundua? Desemba vuli itakuwa imenyesha. Ruvu itajaa, mikono yote miwili, na kisiwa changu kitakuwa kisiwa chenye maji pande zote. Ombi la kwanza limeshatumika, sawa. La pili nitaliomba mimi mwenyewe, kwa sauti, na Hajra atakuwepo alisikie.

Sasa sikia wewe Bernard, Mnyamwezi usiyekoma kucheka. Ziba ule mtumbwi kabla ya mvua. Mwenye mkaa aondoe magunia yake kwenye kibla cha babu yangu, nawe utafute makuti. Wale wa Magindu wapitishe ng'ombe wao kwingine. Na kesho asubuhi, kabla ya yote, ung'oe mrihani wangu nyuma ya jiko pamoja na udongo wake wa Gwata, uutie kwenye ndoo. Nakwenda kuupanda kwa Fadhila, upande wa kichwani. Wa Hajra umefika magotini. Uchague utakaofika kiunoni.