Siku Tuliyosukuma Gari Zima

Leo nimeaibika, jamani. Mchana kweupe, kwenye mlima wa kutoka sokoni, na watazamaji tele. Mariamu na Judi, najua shule zikifunguliwa mtalisoma daftari hili, maana huwa mnalisoma hata nikilifungia sandukuni. Basi someni. Lakini msilisomee bweni zima.

Mnalijua gari la baba. Lile dogo jeupe, mtumba wa Japani, lenye karatasi ya Kijapani kwenye kioo ambayo baba hataki ibanduliwe (anasema ndiyo cheti chake cha kuzaliwa). Mwaka mzima lilikuwa linazima. Linaondoka vizuri, likipata moto tu, au likisimama kidogo, puu! Kimya. Na Lushoto hii hakuna tambarare ya kuzimikia. Gari likizima linarudi nyuma, na nyuma ni bonde.

Kwa hiyo kila mtu nyumbani alikuwa na kazi yake. Baba, usukani na dua. Mdogo wangu Sefu, kusukuma. Mimi, gogo. Ni kipande cha mkaratusi kinachokaa chini ya kiti changu. Gari likizima naruka nje, nakiweka nyuma ya tairi, halafu napiga ukelele: "Sukumaaa!" Ndiyo, mimi! Mimi ambaye mwalimu wa Historia huniambia kila siku nirudie jibu, hata wa dawati la mbele hajasikia. Sijui ile sauti huwa inatoka wapi. Labda ni ya gogo.

Na watu wa pale mlimani wakishaisikia hawaulizi. Fundi cherehani anaacha nguo chini ya sindano. Muuza peasi anaacha beseni lake. Wanakuja, wanasukuma, gari linawaka, wanarudi kwenye shughuli zao. Wameshazoea. Ni kama adhana ya sita.

Baba mwenyewe hakuzoea. Kazi yake ni kubeba maharusi, na harusi ya mwisho aliyobeba, bwana harusi alifika ukweni akisukuma, koti la suti begani, jasho mpaka kwenye tai. Tangu hapo hakuna aliyemwita tena. Hakulalamika, lakini nilimwona akizunguka njia ya juu, ndefu na mbovu, ili tu asipite sokoni wakamtania. Mtu aliyependa utani kuliko chakula!

Fundi Rama alishabadilisha plagi, akabadilisha pampu, akabadilisha na vitu ambavyo nadhani havikuwa na kosa lolote. Mpaka juzi alipolala chali chini ya dashibodi, akatoka na kisanduku cha bati kama cha biskuti. Kontrol boksi. Maji ya mvua yalikuwa yanapenya pembeni ya kioo na kukidondokea, ndani kumeota kutu ya kijani.

"Hii ndiyo akili ya gari, mzee," alimwambia baba. "Imeoza. Siku zote hizi tulikuwa tunamnunulia kichaa viatu vipya."

Kingine kikapatikana Muheza, kimetolewa kwenye gari la aina hiyohiyo lililopata ajali. Jana jioni kikafungwa. Fundi akaziba na pale kwenye kioo. Gari likawaka mara moja, likatulia. Baba alikaa ndani peke yake muda mrefu, hajaenda popote, anasikiliza tu. Mama akamwita kula mara tatu.

Na leo akaja Mzee Athumani kutoka Mlola. Ni mjomba wa bibi harusi wa Jumamosi, na yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuchagua gari. Alisema atapanda kwanza ajionee, hataki mpwa wake atembee kwa miguu na hina yake. Baba aliliosha gari mara mbili. Akatuweka mimi na Sefu kiti cha nyuma ili lionekane linabeba familia bila shida.

"Leo mkae kama wageni," alituambia. "Hakuna kusukuma, hakuna kushuka, hakuna kitu. Mmesikia?"

Tukasema tumesikia. (Gogo nilisahau kulitoa chini ya kiti. Shetani huyo.)

Mzee Athumani akaketi mbele na bakora yake katikati ya magoti. Nikamwamkia: "Shikamoo babu." Akaitika: "Marahaba." Tukaondoka.

"Nasikia hili gari linakusumbua," akasema mzee.

"Maneno ya watu hayo," baba akajibu. "Gari hili halijawahi kunilaza njiani."

Sefu akanitazama. Mimi nikatazama nje, nikahesabu migomba.

Tukaanza kupanda. Gari lilipanda kama linavutwa na kamba. Baba akaanza hata kuimba kidogo puani. Sasa pale katikati ya mlima, pale pale penye fundi cherehani, akatokea Bi Mwanaidi, jirani yetu, na tita la kuni kichwani. Mtu mzima huyo, humpiti hivi hivi. Baba akasimamisha gari, akatoa kichwa dirishani, "Onga mshi, mama!" Na mnajua salamu za Kishambaa. Hazina haraka. Umeshindaje, watoto je, ng'ombe je, mahindi ya bondeni je.

Mimi nyuma nikasikiliza. Kimya.

Kiti hakitikisiki. Kile kisahani cha majivu hakilii. Hakuna kukohoa, hakuna chochote. Mwaka mzima gari likiwa hai lilitutetemesha mpaka meno. Nikajua moja kwa moja: limekufa! Na tupo mlimani, na babu wa watu yumo ndani!

Sikufikiri. Naapa sikufikiri. Mkono chini ya kiti, mlango, nje, gogo nyuma ya tairi.

"SUKUMAAA!"

Sefu akatoka kama risasi. Fundi cherehani akatoka, futi ya kupimia shingoni. Muuza peasi. Vijana wa kidato cha nne waliokuwa wanatoka uwanjani, wote, wenye viatu na wasio na viatu (na yule yumo, Mariamu, yule yule, usiniulize). Hata Bi Mwanaidi alitua kuni zake akaegemea. Tukaweka mikono. "Harambee! Hee!"

Ndani nasikia baba anapiga kelele, "Acheni! Acheni! Linawaka!" Sisi tukadhani anatuambia linataka kuwaka, tukaongeza nguvu. Nasikia Mzee Athumani: "Hawa watu wote ni wa nini?"

Baba kuona vile, akaingiza gia ili atuponyoke. Gari likaruka mbele, lenyewe, laini kabisa. Na sisi tuliokuwa tumeegemea tukabaki tumeegemea hewa. Tulianguka kwa mafungu. Mimi niliangukia uso kwenye mfereji, na gauni langu la Idi. Nilipoinua kichwa, gari lilikuwa limesimama juu kidogo. Mlango wa mbele ukafunguka. Ikatoka bakora. Halafu Mzee Athumani.

Akateremka polepole. Baba nyuma yake, kavua kofia, uso umemshuka. Ule uso wa njia ya juu.

"Nani kasema limezima?" mzee akauliza.

Watu wote wakanitazama. Hakuna hata mmoja aliyetazama kwingine. Nikiwa na tope mpaka kwenye nyusi, jambo pekee lililonijia likawa: "Shikamoo babu."

"Marahaba tena, mjukuu wangu. Nimeuliza, hili gari huwa linazima?"

Nikamwangalia baba. Baba akaangalia chini. Ningesema halizimi, mbele ya watu waliolisukuma mwaka mzima? Hata peasi zingecheka. Nikasema. Na sauti ikatoka ile ya gogo, mtaa mzima ukasikia.

"Lilikuwa linazima, babu. Kila siku. Kontrol boksi iliingia maji. Jana fundi kafunga nyingine. Sasa lilivyosimama sikusikia kitu. Limenyamaza mno. Mimi nalijua gari hili likiwa hai linavyopiga kelele, nikadhani limekufa."

Mzee Athumani akageuka. Akapanda mpaka lilipo gari, akainama, akaweka sikio juu ya boneti. Akatulia. Akamwita fundi cherehani: "Njoo na wewe usikilize." Fundi cherehani akasikiliza, akasema, "Ala!" Muuza peasi naye akasikiliza. Kidato cha nne wakapanga foleni. Baba amesimama pembeni, anageuza kofia mikononi kama usukani.

"Ungeniambia ukweli tangu kule nyumbani," mzee akamwambia baba, "tusingesukumana hivi."

"Nisamehe, mzee wangu. Niliogopa."

"Sasa sikiliza. Wewe ukiniambia gari ni zima, nitasema huyu ni mwenye gari, atasema nini kingine? Lakini huyu mtoto amekula tope kwa kuamini halina uhai, na kumbe linaunguruma." Akaanza kucheka, mabega kwanza, halafu tumbo. "Jumamosi saa nne uwe Mlola. Na mjukuu wangu huyu aje. Akae nyuma na bibi harusi, amshike mkono."

Mlima mzima ukapiga makofi. Baba akanijia, akanifuta tope usoni kwa kofia yake ya kwendea msikitini. Halafu akageuza gari, akatupitisha katikati ya soko, polepole, akipiga honi kwa kila meza. Wanaume wakamrushia utani na yeye akarudisha, mpaka mwisho. Mimi nililala sakafuni mwa gari ili yule wa kidato cha nne asinione. (Aliniona. Alinipungia gogo.)

Msicheke. Jumamosi nitakaa nyuma, mikono mapajani, mdomo nimefunga. Na gari likizima kweli, mimi sitoki. Atoke bibi harusi.