Karavani, Pikapu ya Shemeji na Mlima wa Nyundo

Jumatano, 7 Julai 1999. Gisenyi

Leo nimeingia katika biashara ya hoteli! Jirani yangu Rutagengwa alikuwa na karavani, nyumba ya bati yenye magurudumu, aliyoachiwa na Mzungu mmoja alipohama. Nimempa ng'ombe wetu, kanipa karavani. Alicheka sana. Wivu.

Mke wangu Mukantwari hajacheka. Ameuliza kama karavani inakamuliwa.

Mpango: Jumamosi Ineza, binti wa shemeji yangu Wenceslas, anaolewa Nyundo. Maharusi watalala humo kama mawaziri. Wageni wakiona, basi! Kila bwana harusi atanipigia magoti.

Alhamisi, 8 Julai

Wenceslas amekubali kutoa pikapu yake. Ila ana masharti: inavuta kilo elfu moja na mia tano, si zaidi. Karavani tupu ni elfu moja na mia mbili. Nikamwambia hesabu ni safi, tena nafasi imebaki. Akasema, "Bon, lakini vitu ya ndani nayo iko na uzito, shemeji."

Waoga hawatajiriki.

Nimepakia kitanda cha mninga nilichorudi nacho kutoka Tabora. Kreti za bia. Magunia ya viazi vya Mudende. Pipa la maji ya kuoga, limejaa. Maji sikuyahesabu. Maji ni maji!

Ijumaa, 9 Julai

Safari. Vizito nilivipanga ndani ya karavani, upande wa mbele. Pikapu ikakaa kitako, pua ikatazama mawingu. Usukani ukawa mwepesi ajabu, nikausifu. Wenceslas akasema ni mwepesi kwa sababu magurudumu ya mbele hayagusi barabara vizuri. Tukahamishia vyote nyuma. Sasa karavani ikayumba kama mlevi. Akina mama wa soko wakarukia migombani na vikapu vyao.

Mlimani Wenceslas akashika usukani; pikapu ikanguruma, ikatoa moshi, ikasimama. Kisha tukaanza kurudi Gisenyi. Kinyumenyume!

"Shuka! Weka jiwe!" alipiga kelele Wenceslas.

Niliruka, nikasukuma jiwe chini ya gurudumu. Karavani ikapinda, ikaketi mtaroni. Sisi wazima. Klachi imeungua. Wenceslas alikaa kando ya barabara, kashika kichwa. Hapo niliogopa kweli. Bila pikapu, bibi harusi kesho atafikaje kanisani?

Jumamosi, 10 Julai

Amefika juu ya lori la Rutagengwa, kati ya magunia ya maharagwe, anang'aa. Watu wakampigia Rutagengwa makofi. Karamuni akaleta maziwa. Nayajua maziwa yale! Mukantwari alikunywa taratibu, akinitazama.

Ineza alinifuata nje, akaniambia nia yangu ilikuwa njema. Nusura nilie.

Jumapili, 11 Julai

Vijana wameitoa karavani mtaroni. Mlango tu umepinda. Nimetafakari misa nzima. Karavani si nzito. Pikapu si dhaifu. Kosa ni la mlima! Na barabara ya Goma ni tambarare kama meza.

Nimemwambia Wenceslas akipata klachi mpya tuwafuate maharusi wa Goma. Hakujibu. Kimya ni kukubali.

Nitaongeza kitanda cha pili.