Jozi Kumi na Tisa Zisizo na Wenyewe

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, ukiwa umevaa viatu vyako mwenyewe. Wapo watu mtaani kwetu wasio na bahati hiyo, na chanzo ni gazeti lako.

Mimi ni fundi viatu, na huu ni mwaka wa ishirini na mbili nipo kwenye kibanda kile kile. Kiatu nikishakishona, hukijaza karatasi ya gazeti kisipoteze umbo, na juu ya karatasi hiyo huandika jina la mwenyewe kwa kalamu nene. Gazeti lako nalipenda kuliko yote kwa kuwa halitoi wino kwenye ngozi. Kulisoma nilikuwa sijawahi. Sasa nimelazimika, na kwa heshima kubwa naomba safu yenu ya “Neno na Ukoo Wake” ifutwe mara moja, kwa sababu zifuatazo:

1. Mmeniharibia kazi. Binti yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Kamusi, alianza kwa kuchungulia safu hiyo ndani ya viatu vya watu. Jumamosi nilitoka kidogo kununua gundi, nikarudi nikamkuta na mkasi. Alikuwa amezitoa karatasi zote, amekata makala na kuzibandika daftarini, na majina ya wateja yamekwenda na vipande. Jozi kumi na tisa zikabaki rafuni hazijui zirudi kwa nani. Nilipofoka, akaniambia kwa upole, “Baba, hili neno gereza ulikuwa unalijua? Kwa Wareno lilikuwa kanisa!” Ndugu Mhariri, saa ile hata kanisa lisingenisaidia.

2. Mmefundisha kwamba kufanana si undugu. Mliandika kuwa kuna maneno yenye sura moja yasiyojuana hata kwa salamu, na mengine hayafanani kabisa kumbe ni ya tumbo moja. Elimu nzuri, lakini jaribu kuitumia kwenye viatu vyeusi vya kamba. Mwalimu mkuu aliondoka na vya muuza nyama, akarudi kesho yake anachechemea. Muuza nyama ni mtu wa maneno machache. Amekuja kibandani mara tatu na kisu chake, akasema ametokea kazini tu. Nimeamua kumwamini.

3. Nyumbani hakukaliki. Mama yake Kamusi akimtuma aweke chakula mezani, anamkumbusha kuwa meza tuliletewa na Wareno. Shule imetoka kwa Wajerumani, kitabu kwa Waarabu. Mama mkwe alipokuja kututembelea akauliza kama humu ndani kuna chochote kilicho chetu, akaonyeshwa kiti. Amekikalia tangu Jumapili na hana dalili ya kuinuka.

4. Hili ndilo lililonifanya ninunue bahasha. Wiki iliyopita mliandika kuhusu neno “baba”. Mkasema lipo kwa Waturuki, lipo kwa Wachina, kwa maana ile ile, na hakuna aliyemkopa mwenzake. Eti mtoto mchanga popote alipo hufumba na kufumbua midomo, sauti ikamtoka, na mtu mzima aliye karibu akajitwalia heshima.

Sasa nisikilize. Binti huyu ni mtoto wangu wa kufikia. Nilipomuoa mama yake, mtoto alikuwa na meno mawili tu mdomoni. Siku ya tatu, nikiwa nimeinama natafuta soli chini ya kitanda, alinitazama akasema “baba”. Nimetembea na neno hilo miaka kumi na tatu. Siku hizi anauliza asili ya kila kitu, na juzi alimuuliza mama yake, yule mwanamume aliyemzaa alikuwa mtu wa namna gani. Ana haki ya kuuliza, sikatai. Lakini mimi na yeye hatufanani hata ukucha, na gazeti lako linamwambia kwamba siku ile alikuwa anazoesha midomo, nami nilikuwa mtu mzima aliye karibu. Naogopa, Mhariri. Siku mbili hizi hata misumari naigonga upande.

5. Kwa hiyo naomba safu ifutwe. Mchapishe masahihisho kwamba neno “baba” lina mwenyewe, tena mmoja, na anapatikana kibandani kuanzia saa mbili asubuhi. Na mwandishi wa safu aje azungumze na muuza nyama.

Nisalimie wachapaji wote, hasa anayechanganya wino, huyo sina ugomvi naye. Wasalimie na wa nyumbani kwako, wakubwa kwa wadogo. Mwandishi wa safu msalimie mwisho.

Ni mimi, mwenye kinyongo na uzi mkononi,
Fundi Viatu, kibanda cha bluu

Baada ya saini: Nimeifungua tena bahasha. Nilikuwa navaa viatu vyangu vya kutokea niende posta, mguu ukagoma kuingia. Kumbe Kamusi amepita rafu nzima, amejaza karatasi mpya na kuandika majina upya, na mengi ameyapatia, la muuza nyama likiwemo. Ndani ya kiatu changu nimekuta makala yenu ya wiki iliyopita, nzima, hakuikata. Juu yake, pale ninapoandika jina la mwenyewe, ameandika kwa kalamu yangu nene: BABA.

Tafadhali safu msiifute. Na mniwekee nakala mbili kila wiki, kwa sababu moja hatutaitia kiatuni.