Mchoro wa Mguu Mmoja

Jamani, leo nimeaibika Karatu mjini, mchana kweupe.

Binti yangu wa mwisho, Paskalina, amepata mchumba. Kijana wa Kimasai kutoka Ngorongoro, anaitwa Lemayani. Kazi yake? Kuchora kuta. Kuta! Mimi nimelima Endabash maisha yangu yote na sijaona mtu aliyeshiba rangi. Nikamwambia binti, "Jibu nitatoa nikishaiona hiyo kazi." Basi ikapangwa leo saa nne nikutane na baba yake kijana, ambaye hatujawahi kuonana, mbele ya ukuta wenyewe, pale duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko. Paskalina akaniagiza: "Baba, ukifika upige picha, unitumie."

Nikafika saa tatu na nusu. (Miwani nimeiacha nyumbani juu ya gunia la mbaazi. Msiniulize.)

Simu nayo! Ile yangu ya kubonyeza ilikuwa na akili. Hii ukiigusa inakupeleka inakotaka yenyewe. Mara tochi imewaka. Mara inaniuliza kama nakubali, sijui nikubali nini, nikawa nakataa kila kitu. Nikarudi nyuma ili ukuta uingie wote, bodaboda akanipigia honi: "Mzee, utagongwa na picha yako!"

Mwishowe ikakubali. Nikaitazama kwenye kioo cha simu. Ng'ombe, kreta ya Ngorongoro, wazee wanne wa shuka nyekundu. Nzuri, sidanganyi. Lakini yule mzee wa nne! Ana mguu mmoja! Nikahesabu tena. Mmoja.

Nikatuma picha, nikashika kile kitufe cha kurekodi sauti. (Mimi nikishika simu napayuka, hata marehemu mke wangu alinisema sana.)

"Paskalina! Watatu ni safi. Wa nne hapa mchumba wako alichoka. Kamchora mguu mmoja! Na uso kama mtu aliyenyimwa ugali! Sasa mtu asiyemalizia mguu, nyumba ataimalizia?"

Akina mama wauza nyanya wakanitazama, wakaziba midomo kwa khanga. Nikadhani wananiunga mkono.

Simu ikaita. Spika ikajifungua yenyewe, barabara nzima inasikia.

"Baba! Kwenye ule ukuta wamechorwa wazee watatu!"

"Nimehesabu wanne."

"Wa nne ni baba yake Lemayani! Amesimama hapo anakusubiri wewe!"

Nikainua macho. Mchoro ukashusha mguu.

(Wafugaji wakipumzika ndivyo wanavyosimama, mguu mmoja chini, wa pili umekunjwa nyuma ya shuka, mwili wote kwenye fimbo, hata nzi hawawatikisi. Nimewaona hivyo tangu nikiwa mtoto nachunga mbuzi! Leo akili ilikwenda wapi?)

"Wa pili huu hapa, mzee," akasema, akaukanyagisha chini nione vizuri.

Nikamwamkia shikamoo. Mtu niliyemzidi miaka kumi! Naye akaitikia, "Marahaba," bila hata kusita.

"Na hao watatu, umesema wakoje?"

"Wazuri sana, mkwe. Kijana ni fundi."

"Mwambie binti basi. Bado yuko kwenye simu."

Nikamwambia binti. Nikakubali ndoa palepale, kwenye spika, katikati ya nyanya, vigelegele vikapigwa na watu nisiowajua. Mimi niliyejipanga kumzungusha yule mzee mpaka tuvune! Nilikuwa na maswali yangu saba, nimeyakariri njia nzima. Hata moja sikuuliza. Utauliza nini, na umeshamwambia mtu ana uso wa njaa?

Wazee wenzangu humu kundini, msinicheke, nimechoka. Mkikuta mtu ukutani, msalimieni kwanza. Akiwa mchoro, hamjapoteza kitu.