Mafuriko ya Lodwar

Ijumaa, 4 Julai
Baba ametoa hukumu wakati wa chai. Nikipata D ya Kiswahili tena muhula huu, naacha shule, naenda Kapedo kuchunga mbuzi wa mjomba Lomenen. Mjomba huyo huongea mara moja kwa siku, tena na mbuzi. Mtihani ni Jumatatu. Akai, mdogo wangu na kwa bahati mbaya tuko darasa moja, ananishauri nisome. Ushauri wa watu wasio na mbinu! Nimefungua kitabu. Miguu ikaanza kuwasha. Nimekwenda mtungini kunywa maji tena na tena, na wala sina kiu.

Jumamosi, 5 Julai
Mbinu imepatikana. Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, kuna Jok, tuliyejuana naye kwenye michezo ya shule. Shuleni kwao kuna insha moja hatari. Kila anayeikariri hupata alama za juu, na wanarithishana mwaka hadi mwaka. Nikamdanganya Baba kwamba kuna mkutano wa vijana wa kanisa, nikapanda basi hapa Lodwar. Nilimkuta Jok kwenye foleni ya maji. Akaitoa yote kichwani, nami nikirudia nyuma yake. Mto Nzoia unafurika, miwa inasombwa, mama anamsukuma mwanawe juu ya paa, kisha maji yanamchukua mama. Mama mmoja Mkongo aliyekuwa nyuma yetu akafuta machozi, akaniambia pole sana, mtoto yangu. Hapo nikajua hii ni A.

Jumapili, 6 Julai
Siwezi kutulia. Nimekariri insha muda wote mahubiri yakiendelea. Nilipofika mama anapozama, sauti ikanitoka. Mchungaji akadhani nimeguswa, akaniita mbele niombewe. Mama yangu alisimama nami, mzima kabisa, akisema amina.

Jumatatu, 7 Julai
Swali: andika insha kuhusu siku ambayo hutaisahau. Mungu si Athumani! Nimemaliza kabla ya wote. Akai bado alikuwa anatafuna kalamu, maskini.

Alhamisi, 10 Julai
Mwalimu Wasike wa Kiswahili ameniita ofisini, akanipa kiti. Huyu si mtu wa kutoa viti. Akasema pole kwa kufiwa na mama yetu. Nikajibu asante kabla sijafikiri.

Kumbe insha ni yake. Aliiandika alipokuwa akifundisha Kakuma, baada ya kumzika mama yake, ili wanafunzi waone jinsi jambo la kweli linavyoandikwa. Nzoia unapita nyuma ya kwao. Akasema kitu kimoja tu hakukitambua: zile shanga za Kiturkana shingoni mwa marehemu. Hizo niliongeza mimi, ifanane na kwetu. Akacheka kidogo. Niliona haya mpaka masikio yakapata moto.

Insha ina kumi na nane kwa ishirini, akasema, ila hizo ni zake. Mimi nina sifuri, na hiyo inanipa D. Lakini Jumatatu nimpelekee insha kuhusu mama yangu mwenyewe, aliye hai. Ikiwa nzuri, D itafutwa na sitakwenda Kapedo.

Jumapili, 13 Julai
Nimekaa na karatasi tupu tangu mchana. Mama yuko mlangoni anasuka kikapu. Ameuliza mbona namkodolea macho. Nikamwambia natafuta hoja. Akasema si nimuulize yeye, anayo mengi, hata siku aliyonizaa kando ya barabara ya Lokichoggio, lori limeharibika na dereva amekimbia. Nikamwomba anyamaze kidogo, ananivuruga.

Miguu imeanza kuwasha tena. Nimemwandikia Jok kumuuliza kama kwao kuna insha ya mama ambaye bado yuko hai. Amejibu ipo, nzuri sana, ya msichana wa darasa lao anayeitwa Daniella, ila mama wa humo anauza mandazi Bukavu. Si neno. Mandazi nitayageuza vikapu.