Kilo Kumi na Tatu za Herufi

Jumatatu, 4 Machi

Wiki ya sita tangu nikatwe tumbo. Kilo kumi na tatu zimekwenda zao. Suti niliyovaa siku tuliyoondoka kwetu, miaka arobaini na moja iliyopita, leo imefunga kifungo cha juu. Cha juu tu. Lakini kimefunga!

Tatizo moja. Daktari wangu hajui.

Bingwa wa ng'ambo aliyenipasua alinipa bahasha, akaigonga kwa kidole mara tatu: nimpe daktari wangu wa kila siku, mkononi, mara tu nitakaporudi. Nimeifungua kwa mvuke wa birika. Inasema tumbo langu sasa lina ukubwa wa ndizi moja, na kwamba vidonge vyangu vya ugonjwa wa sukari vipunguzwe nusu, la sivyo nitaanguka. Nikaifunga tena kwa gundi. Imekaa vizuri kuliko mwanzo.

Kwa nini sijaipeleka? Januari nilimgusia daktari habari za upasuaji. Aliweka kalamu chini. Akasema nikienda kwa hao watu wa visu, nitafute daktari mwingine, na mtu mwingine wa kucheza naye drafti. Sasa, katika mji huu wote ni yeye peke yake anayekumbuka jinsi mtaa wetu ulivyonukia wino alfajiri. Mimi nilikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha gazeti. Yeye alikuwa mwanafunzi wa udaktari, akilisoma gazeti lile bure, dirishani, kabla halijakauka. Daktari nitapata mwingine. Wa kukumbuka naye sitapata.

Basi nikamwambia nakwenda kumtembelea binamu.

Nitamwambia ukweli. Lakini polepole, na kwa utaratibu. Jambo la kwanza: mizani isiseme kabla yangu.

Jumanne, 5 Machi

Kutwa nzima nashona. Chini ya kitanda nina kasha la herufi za risasi za kuchapia gazeti, nililotoka nalo kwetu. Wenzangu walibeba vito na hati za nyumba; mimi nilibeba alfabeti. Leo imepata kazi. Nimezishona ndani ya bitana ya koti, irabu kushoto, konsonanti kulia. Kosa! Lugha yetu haina ubahili wa A. Herufi A peke yake zimejaza mifuko minne, na nikisimama nainama kushoto kama mlango uliong'oka bawaba moja. Nimehamishia E na I upande wa pili. Sasa nimenyooka.

Shemeji alisimama mlangoni akitafuna karanga. Huyu ni kaka wa marehemu mke wangu. Alikuja kwangu kwa wiki mbili. Huu ni mwaka wa tisa. Yeye peke yake anajua siri, kwa kuwa ndiye aliyenibadilishia bendeji. Akauliza kama si rahisi zaidi kumpa mtu barua yake. Nilimjibu kwamba kuna mambo hayaelewi. Akakubali, hayaelewi. Alikuwa amevaa suruali yangu ya zamani, miguu yote miwili ndani ya mguu mmoja, ule mwingine ameutupia begani.

Jumatano, 6 Machi

Zahanati. Muuguzi wa mizani aliniambia nivue koti. Nikamwambia nina homa ya baridi. Akasema nje jua linapasua kichwa. Nikakohoa mpaka akachoka.

Nikapanda. Nilitegemea mia na kumi na mbili, kama Januari. Mizani ikasema mia na kumi na nne na nusu! Nilisahau kwamba Januari nilipimwa bila koti wala viatu. Mpango madhubuti kabisa, umeharibiwa na viatu.

Daktari alinitazama kwa huzuni. Akasema binamu amenilisha sana. Akauliza hali ya binamu. Nilisema hajambo, amekonda. Kisha akachukua kalamu na, badala ya kupunguza vidonge vya sukari, akaviongeza maradufu.

Bahasha ilikuwa mfukoni, kati ya M na N. Mkono ukaishika. Hapo akauliza kama Alhamisi tunacheza, maana mkewe ameoka keki. Mkono ukaiachia.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemeza vidonge vyote kama alivyoandika. Ningefanyaje? Kaandika kwa mkono wake, na mwandiko wake ni mzuri, nadra kwa daktari. Saa nne asubuhi ukumbi ulianza kuzunguka. Nikakaa chini ili nisianguke, ila nilichelewa kidogo. Shemeji alininywesha maji ya sukari kwa kijiko, akanipangusa uso kwa ule mguu wa suruali usio na kazi.

"Shemeji," akasema, "wewe utakufa kwa adabu."

Alitaka aende mwenyewe akaseme. Nikamkatalia. Hii ni kazi ya mtu mwenye lugha.

Jioni, drafti. Daktari alisukuma kete zake akisimulia kisa cha yule muuza magazeti wa kwetu aliyekuwa akitangaza habari ambazo hazikuandikwa. Tulicheka mpaka machozi. Mkewe akaleta keki, vipande vitatu. Tumbo la ndizi moja! Niliviingiza mfukoni kimoja baada ya kingine, naye mkewe akisifu jinsi ninavyokula upesi, akaongeza viwili. Nimefungwa michezo minne. Herufi zote za konsonanti zina sukari ya unga.

Jumamosi, 9 Machi

Wazo kubwa! Kwenye baraza ya zahanati pana sanduku la maoni. Nikitumbukiza bahasha humo, daktari ataisoma akiwa peke yake, atakasirika akiwa peke yake, na hadi Alhamisi hasira itakuwa imepoa. Sitakuwa nimesema mimi, wala sitakuwa nimeficha. Safi kabisa.

Nikaitumbukiza. Nikasikia ikitua kwa sauti laini, kama juu ya godoro. Nikamuuliza muuguzi, kwa kupitapita tu, maoni husomwa siku gani. Akasema, mzee, ufunguo ulipotea mwaka juzi.

Nilitumia nusu saa kuivua kwa waya wa kutundikia nguo. Nikatoa malalamiko manane kuhusu benchi, shukrani moja, na hirizi ya mtu. Bahasha haikutoka. Muuguzi alinikuta. Nilisema nimeangusha miwani. Nilikuwa nimeivaa.

Jumatatu, 11 Machi

Daktari ameniita kwa dharura. Nikajua yamekwisha, sanduku limevunjwa. Nilivaa koti kwa tahadhari tu.

Sanduku halijavunjwa. Ni balaa jingine. Amekesha akinifikiria. Alhamisi aliona shingo yangu: kola ya shati inaingia ngumi. Aliona mashavu, aliona saa ya mkononi imeshuka hadi kiwiko. Mtu amekwisha kwa macho, lakini kwa mizani ameongezeka! Akanipima mkono, shingo na paja kwa utepe, akaandika, akanirudisha kwenye mizani mara tatu. Kila mara nzito. Kila mara akazidi kutabasamu.

Kwa maoni yake, nyama inageuka mfupa. Ugonjwa mpya. Miaka arobaini, akasema, ametibu vikohozi na vipele, na vitabu vyote alivyosoma viliandikwa na watu wengine kuhusu watu wengine. Ijumaa kuna mkutano wa madaktari. Atanisimamisha mbele yao.

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Lakini akaondoa miwani, akaifuta, akanena taratibu:

"Nitaupa jina la mji wetu, ndugu yangu. Hata kama hatutarudi, utakuwa umeandikwa mahali."

Nikaufunga.

Shemeji alicheka hadi karanga zikampalia. Nilimpiga mgongoni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Ijumaa, 15 Machi

Naandika nikiwa kitandani, kwa penseli. Kalamu wauguzi wamenizuia nisichafue shuka.

Nilikuwa nimeamua. Ningemvuta pembeni kabla ya mkutano nimwambie yote. Hotuba niliipanga, nikaifupisha, nikaigawa aya. Lakini nilimkuta mlangoni amevaa tai ya siku ya mahafali yake, akanishika mkono, akanitambulisha kwa kila mtu kama "mgonjwa wangu wa miaka ishirini na mbili". Aya zikatawanyika.

Ukumbi umejaa. Jukwaani mizani, nyuma yake picha ya shingo yangu ukutani, kubwa kama kabati. Nilikuwa nimemeza dozi nzima na kula vijiko vitatu vya supu. Daktari alizungumza vizuri, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Akaandika jina la mji wetu ubaoni. Kisha akanialika nipande.

Nikapanda. Nikaona mshale wa mizani ukienda. Nikaona jina ubaoni likizunguka, kisha likawa majina mawili, kisha miji mingi. Nikafikiri: kwetu kumekuwa kukubwa.

Nasimuliwa kwamba nilianguka kwa upande wa kushoto. Bitana ikapasuka toka kwapani hadi pindoni. Alfabeti nzima ikamwagika jukwaani, ikateremka ngazi, ikaingia chini ya viti, na A, wanasema, zilifika mpaka safu ya sita. Kipande cha keki kilifuata.

Nilipozinduka, nina maji ya sukari mdomoni na daktari amepiga magoti. Vifungo vya shati viko wazi. Makovu yangu matano yalikuwa yanamtazama. Mkononi ameshika herufi moja ya risasi, anaipapasa ubavu kwa kidole gumba. Aliijua. Ni herufi za lile gazeti.

"Nani amekukata?" akauliza.

Nikataja ng'ambo. Nikataja tarehe. Barua, nikasema, imo kwenye sanduku lako la maoni.

"Na vidonge nilivyokuongezea, ulimeza?"

"Vyote."

Akaigeuza ile herufi kiganjani.

"Nilikaribia kukuua kwa mkono wangu," akasema. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema utaniacha."

"Ulinisadiki?"

Nikasema ndiyo.

"Mjinga wewe. Nikikuacha, nitamfunga nani drafti?"

Kisha akasimama, akajipangusa magoti, akawageukia wenzake. Aliwaambia ugonjwa upo kweli, asiwadanganye mtu. Huwapata wazee wa mji ule peke yao. Dalili yake ni kusema uongo mpaka mtu anaanguka. Jina akaliacha ubaoni.

Walipiga makofi, kisha wakainama wote chini ya viti kuokota herufi. Sijawahi kuona madaktari wengi hivyo wamepiga magoti.

Jumamosi, 16 Machi

Sanduku limevunjwa kwa patasi. Daktari ameisoma barua mbele yangu kwa sauti. Vidonge sasa ni nusu. Ukumbi umeacha kuzunguka. Akasema barua imefungwa vizuri, gundi ya fundi. Nikaisifu patasi.

Herufi amezichukua. Ziko kwenye kabati lake la sindano, limefungwa, na ufunguo ameuning'iniza shingoni. Ameacha nje moja tu: A, ameiweka mezani kuzuia karatasi.

Ameniapisha. Sitamficha tena lolote linalohusu mwili wangu. Nimeapa kwa moyo mweupe, mkono juu ya mizani. Shemeji alikuwa shahidi. Suruali ile amepewa rasmi.

Nimekuwa mtu mpya. Uongo unachosha, tena ni mzito. Naandika hili ili nisisahau.

Jumanne, 16 Aprili

Mwezi mzima sikuandika. Hakukuwa na cha kuandika, nimekuwa mkweli.

Ila kuna jambo dogo. Tumbo la ndizi moja hukataa mkate, hukataa nyama. Lakini nimegundua kwamba maziwa mazito ya kopo hayaombi ruhusa. Yanateleza tu. Kijiko asubuhi, kijiko mchana. Baadaye nikaona kijiko kinanichelewesha.

Suti imekataa kifungo.

Kesho ni Jumatano, siku ya mizani. Daktari amebandika ukutani karatasi yenye mstari unaoshuka, ameuchora mwenyewe kwa rangi ya buluu, na kila wiki humwonyesha kila anayeingia. Mstari ule unamfurahisha sana. Nitaupandishaje kilo tatu mbele ya mtu aliyeniokoa?

Shemeji akaniambia, akitoa makopo matupu chini ya kitanda changu, kwamba niseme tu. Nikamjibu nitasema. Nimeapa, sivyo? Nitasema polepole, na kwa utaratibu.

Asubuhi nimekwenda kwa muuza nafaka, nimejipima kwenye mizani yake ya magunia, nimeshika fimbo ya kutembelea. Fimbo ikikandamizwa sakafuni nyuma ya kisigino, kilo mbili na robo zinayeyuka. Ile robo tatu iliyobaki nitaiacha mlangoni pamoja na viatu, soksi na meno ya bandia.

Mzee wa umri wangu, nani atamuuliza fimbo ya nini?